Sala ya Wabunge Nyumbani kwa Katekista

Mwanamke akikosa jina ndani ya nyumba yake mwenyewe, hujifunza kuitika kikohozi. Adelfina alikuwa amejifunza. Mumewe Gozbert, katekista aliyeongoza sala katika kigango kimoja huko Nemba, akitaka maji ya kunawa, alikohoa. Akitaka kujua kama chakula kimeiva, alikohoa mara mbili. Na siku aliyokuwa na neno zito la kusema, alisimama mlangoni akasafisha koo mpaka kuku wakakimbia, na Adelfina akajua kwamba sasa anaitwa.

Haikuwa hivyo zamani. Zamani aliitwa Mama Wiston, kama mwanamke yeyote wa kwao anavyoitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kwenye mashamba ya muhogo sauti ya Gozbert ilikuwa ikivuka mifereji: "Mama Wiston! Lete jembe la pili!" Na yeye aliitika "Abee!" bila hata kuinua kichwa. Alikuwa hajui kwamba kuitwa ni utajiri.

Kisa chenyewe kilijulikana kijiji kizima, kwa hiyo hakuna siri ninayoivujisha. Wiston alipochaguliwa kwenda seminari, baba yake alisimama mbele ya altare, mkono begani kwa mtoto, akatamka kwa sauti ya kusomea Injili: "Kuanzia leo huyu si wangu. Nimempa Mungu." Watu wakapiga vigelegele, wakachanga, wakachinja. Alipofika seminari kuu, akiwa ameshavaa kanzu nyeupe na watu wameshaanza kumwita Padre kwa kumtania, kijana akaona wito si wake. Akarudi nyumbani na begi lake, akawaambia wazazi ukweli bila kuzunguka. Kwa maoni yangu, kijana anayeweza kusema ukweli wa namna hiyo mbele ya baba wa namna ile alistahili sifa. Gozbert hakuona hivyo. Alisema, "Kilichotolewa sadaka hakirudi jikoni. Jina lake lisitajwe tena humu ndani." Wiston akalala usiku mmoja, akaondoka na basi la asubuhi kutoka Biharamulo mjini, na huu sasa ulikuwa mwaka wa tisa.

Gozbert ni mtu wa kushika neno lake, hata likiwa neno la kijinga. Hakulitaja jina hilo. Lakini alikuwa hajapiga hesabu kwamba jina la mtoto ndilo jina la mama, na kwamba ukilifukuza moja umeyafukuza yote mawili. Alijaribu "Mama Tecla", kwa jina la binti yao wa pili aliyeolewa Kibimba, kule Ngara. Adelfina hakuitika. Akajaribu tena kesho yake, Adelfina akaendelea kupepeta. "Tecla ni wa pili," alisema hatimaye, bila hasira. "Mimi sikuanzia wa pili." Ndipo vikohozi vilipoanza. Majirani nao, kwa adabu, wakaanza kumwita Mama Katekista, naye aliitika, lakini aliitika kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake.

Hamu haina mazoea. Watu humwambia mwenye msiba kwamba atazoea, na Adelfina aliambiwa hivyo hivyo, ijapokuwa mtoto wake alikuwa hai na ana afya. Hakuzoea. Akisikia basi likipunguza mwendo barabarani, mikono yake ilisimama ndani ya unga. Akipika maharage ya mbegu nyekundu, ambayo Wiston aliyapenda, alizidisha kidogo, kisha akampa jirani kilichobaki. Kuna siku alikuwa peke yake shambani, akashindwa, akaita kwa sauti: "Wiston!" Hakukuwa na mtu. Aliita tu ili masikio yake yasisahau. Halafu akatazama huku na huku kwa aibu, akaendelea kupalilia.

Namba ya simu ya Wiston alipewa na Tecla. Nyumbani kwao mtandao haushiki. Sharti upande kichuguu kilicho nyuma ya migomba. Hapo juu ndipo Adelfina alipozungumza na mwanawe, akiwa amesimama, shuka limefungwa kiunoni. Hapo ndipo alipojua kwamba Wiston anafundisha shule huko kusini, kwamba ameoa, kwamba amezaa. Hapo ndipo alipoambiwa, mwaka huu, kwamba anagombea ubunge.

"Utakuja lini, mwanangu?" alikuwa akiuliza kila mara.

"Baba akinitaja, mama. Siku hiyo hiyo nitapanda gari. Siwezi kuingia nyumba ambayo jina langu haliingii."

Adelfina hakumlaumu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huyu alikuwa na uchungu wa mwana na wa mume kwa pamoja, kila mmoja mkaidi kwa mwenzake. Walifanana mno, hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Uchaguzi ukafika, ukapita. Jioni moja walikuwa sebuleni, Adelfina akichambua maharage ya kupanda, Gozbert ameegemea redio. Mtangazaji alikuwa akisoma washindi wa majimbo, mkoa kwa mkoa, kwa sauti ya kuchoka. Akafika kusini. "Aliyetangazwa mshindi ni Wiston Gozbert..." Gozbert akanyoosha mkono akazima redio. Alilizima jina la mwanawe na lake mwenyewe kwa mpigo mmoja. Kisha akakaa akiitazama redio ile iliyonyamaza, na Adelfina akaona kidole chake bado kiko juu ya kitufe.

"Betri," alisema Gozbert. "Tuzitunze."

Adelfina alitaka kucheka na kulia. Aliinama juu ya ungo, akachambua, akayatupa mazima pamoja na mabovu.

Jumapili iliyofuata Padre alifika kigangoni. Alikuwa mgeni parokiani, kijana, hajui mambo ya watu. Baada ya komunyo akasoma matangazo: Askofu anaomba jumuiya zote ziwaombee viongozi wapya wa taifa waliochaguliwa, kuanzia rais mpaka wabunge, ili Mungu awape hekima na moyo wa haki. "Na sisi tuna sababu ya ziada," akasema huku akitabasamu. "Nimeambiwa kuna mbunge mpya aliyebatizwa katika kanisa hili hili. Mumtaje katika sala zenu. Wiston Gozbert!" Akapiga makofi. Waumini wakapiga makofi mawili matatu, kisha wakakumbuka, mikono ikashuka. Gozbert alikuwa amesimama pembeni ya altare na kitabu cha nyimbo. Akakifungua, akaanzisha wimbo wa kumaliza kabla baraka haijatolewa. Padre ilibidi amgeukie na kumsubirisha.

Jumamosi ya wiki hiyo zamu ya jumuiya, yaani majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, ilikuwa nyumbani kwa katekista.

Sasa inafaa nieleze desturi ya jumuiya yao, maana hapo ndipo mambo yaliposhikana. Jumuiya inaposali katika nyumba ya mtu, baba wa nyumba ndiye anayetoa nia za maombi, na mama wa nyumba ndiye anayeanza kuitikia. Wageni hufuata sauti ya mama. Mama asipoanza, hakuna wa kuanza. Kumtangulia ni kama kuingia chumbani kwa watu bila hodi. Wazee walioiweka desturi hiyo walikuwa na akili. Mume na mke waliogombana hujulikana papo hapo kwa kiitikio, na jumuiya haiondoki kabla ya kuwapatanisha. Nyumbani kwa katekista desturi hiyo ilikuwa haijawahi kuleta shida, kwa sababu Adelfina aliitikia vizuri, na kwa sababu watu waliogopa kumpatanisha katekista.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Adelfina hakuamua lolote. Watu walisema baadaye kwamba alipanga, hakupanga. Alifagia uwanja, akachemsha chai ya tangawizi, akaandaa mihogo, akatandika mikeka. Alichokuwa nacho moyoni ni kitu kimoja tu: leo jina litatajwa ndani ya nyumba hii. Padre ameagiza. Askofu ameagiza. Gozbert hajawahi kumkatalia Askofu. Tangu alfajiri alikuwa akitembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa, akiogopa kumwaga.

Wakaja. "Tumsifu Yesu Kristo!" "Milele, amina!" Mwenyekiti wa jumuiya, Theodosia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, akakaa karibu na mlango. Mzee Kwandu, aliyekuwa mzee kuliko wote na mwenye ruhusa ya kusema chochote, akapewa kiti cha mgongo. Shikamoo zikapita, marahaba zikarudi. Wakasoma Injili, wakatafakari, wakaimba. Kisha Gozbert akasimama, mikono ameikunja, akaanza nia.

Akaliombea Kanisa. "Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie," akaanza Adelfina, na sebule nzima ikamfuata.

Akamwombea rais, apewe hekima na afya. Akamwombea makamu wake, na waziri mkuu, na mawaziri ambao walikuwa hata hawajateuliwa. Akawaombea majaji. Akaombea mvua. Adelfina aliitikia moja baada ya moja, na kila aliyoitikia ilimsogeza karibu na ile aliyoingojea.

"Tuwaombee wabunge wetu wote, wa mikoa yote," alisema Gozbert, sasa kwa haraka, "ili wawatumikie wananchi, na wasisahau walikotoka. Ee Bwana..."

Kimya.

Adelfina hakuwa amekusudia. Mdomo ulikataa kufunguka. Wasisahau walikotoka! Ameyasema hayo baba aliyemfungia mtoto mlango. Alitazama mkeka, akahesabu nyuzi zake, akasikia watu wakipumua.

Gozbert akarudia, akidhani labda hakusikika. "Wabunge wetu wote. Ee Bwana..."

Kimya tena. Nje jogoo akawika, mtu mmoja akajikuna shingo.

"Katekista," alisema Theodosia, "Padre alisema tumtaje wa kwetu."

"Nimesema wote. Kwenye wote kila mtu yumo."

"Ukinikalibisha kwenye shelehe kwa kusema njooni wote," alisema mzee Kwandu, ambaye ulimi wake haukuwahi kuelewana na herufi ya r, "mimi siji. Mtu huitwa."

Watu wachache wakacheka, wakajizuia. Gozbert akafuta jasho. Nilivyomjua, alikuwa anaumia kweli. Si kwamba hakuwa na moyo, bali alikuwa ameujengea ukuta kwa mikono yake na sasa alikuwa hajui mlango aliuweka wapi. Akavuta pumzi. "Haya. Tumwombee pia Mheshimiwa mbunge aliyebatizwa katika kigango chetu. Ee Bwana..."

Wote wakamtazama Adelfina.

Alihisi ile ndoo ya alfajiri ikimwagika yote. Miaka yote hii, na alichopewa ni Mheshimiwa. Akainua uso. "Mimi sikuzaa Mheshimiwa," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kila mtu alisikia.

Hapo Gozbert akapandwa na hasira. Katekista kugomewa na mkewe, katikati ya sala, nyumbani kwake, jumuiya nzima inaangalia! Akasahau sala, akasahau kukohoa, akapaza sauti kama mtu anayeita kuvuka shamba:

"Mama Wiston! Usinitie aibu mbele za watu! Itikia!"

"Abee," aliitika Adelfina.

Lilimtoka lenyewe, kama zamani, bila kuinua kichwa. Kisha akakiinua, akamwona mumewe amesimama mdomo wazi. Gozbert hakujua amesema nini mpaka alipoona nyuso za wanawake. Ulimi hauna mfupa. Ulichokuwa umekatazwa ulikuwa umekitema, mbele ya mashahidi, katika hali ya sala. Alishika ukingo wa meza. Theodosia alikuwa ameshaanza kulia, machozi yanateremka na yeye hata hayafuti.

Hakuna aliyemsaidia.

"Tumwombee," alisema Gozbert, akakwama. Akaanza upya. "Tumwombee Wiston. Mtoto wetu. Mungu amwongoze. Mungu amsame... mimi Mungu anisame..." Neno likagoma kutoka. Na ile "Ee Bwana" ya kumpokeza mkewe haikutoka kabisa.

Adelfina hakungoja apokezwe. "Twakuomba utusikie," alisema, na jumuiya ikaipokea kwa nguvu mpaka kuku waliokuwa kizingitini wakatawanyika.

Chai ilinywewa upesi upesi siku hiyo. Watu wazima wanajua wakati wa kuondoka. Mzee Kwandu peke yake ndiye aliyeomba kipande cha pili cha muhogo, na alipoaga alimshika Adelfina mkono akasema, "Kwa heli, Mama Wiston," kwa sauti ya kutosha kusikika ndani.

Walipobaki wawili, Adelfina alichukua simu yake, hakuificha, akapita uani kuelekea kichuguu. Hakuangalia nyuma. Alipofika juu ndipo akasikia hatua. Gozbert alikuwa amefuata, amesimama chini kati ya migomba akiwa na kofia mkononi. Akakohoa. Kisha akaona kuwa kikohozi hakitoshi tena.

"Mama Wiston. Unampigia?"

"Nampigia."

Simu ikaita, ikapokelewa. Nyuma ya sauti ya Wiston kulikuwa na kelele za ukumbi, viti vikisogezwa, watu wakiitana. "Shikamoo mama! Nipo Dodoma, tupo kwenye usajili. Nina dakika moja tu. Kwema?"

"Kwema. Kuna mtu hapa." Akateremka nusu ya kichuguu, akampandisha Gozbert kwa kumvuta mkono, maana chini mtandao usingeshika, akamwekea simu sikioni.

Gozbert alikuwa akipumua tu.

"Mama?" ilisema simu. Kisha, baada ya muda, polepole, "Baba? Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema Gozbert. Na kama mtu aliyefunguliwa bomba akashindwa kulifunga, akaendelea, "Marahaba. Marahaba, Wiston. Marahaba, baba yangu." Akatafuta neno jingine, akatafuta kweli, Adelfina alimwona akitafuta. "Huku mvua zimeanza. Maharage tunapanda wiki hii."

"Ndiyo, baba." Sauti ya Wiston ilikuwa imebadilika. Akavuta pua. "Yale mekundu?"

"Yale mekundu."

Mtu akasikika huko Dodoma akisema, Mheshimiwa, zamu yako, wanakusubiri. Wiston akasema kwa haraka kwamba sasa lazima aende, kuna usajili, kuna kiapo, kisha kikao kinaanza. Alitamani kupanda gari leo leo kama alivyoahidi, Mungu anajua, lakini sasa yeye si mtu wake mwenyewe. Bunge likiahirishwa tu, atakuja na mke na watoto. Simu ikakatika.

Walisimama juu ya kichuguu, wawili, mahali palipokuwa pa mmoja. Gozbert bado alikuwa ameshikilia simu sikioni. Adelfina alikuwa amedhani siku hiyo ikifika hamu itakwisha, na haikwisha. Ila alipomtazama mumewe aliona kwamba sasa na yeye anayo, imemkaa machoni, mpya, na hajui aishike vipi. Akamwonea huruma. Yeye alikuwa na uzoefu.

"Bunge huahirishwa lini?" aliuliza Gozbert.

"Kwani mimi karani wa Bunge?"

"Wiki mbili? Mwezi?"

"Sijui."

Gozbert akatazama kule barabarani, ambako basi la Biharamulo lilikuwa likipita. Halikupunguza mwendo. Akalifuata kwa macho mpaka mwisho.

"Mtoto nilimpa Mungu," alisema, "nikamnyang'anya mama yake. Sasa amechukuliwa na taifa, na sina pa kumdai."

"Taifa tutaliombea," alisema Adelfina. Akakunja mikono pale pale, akafumba macho. "Tuwaombee viongozi wetu wapya. Mungu awape wabunge wetu hekima ya kusema machache, wamalize mapema, na kila mmoja wao arudi kwao aone wazazi wake wangali hai. Ee..."

Gozbert hakungoja amalize.

"Twakuomba utusikie," akaitikia.